Saa tisa usiku si saa sita

Simu ilikuja Jumanne moja ya Machi, saa moja kasoro asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Alikuwa dada wa mapokezi katika hospitali ninayoihudumia huku kwetu Mtwara.

"Dada fundi, shikamoo. Mfumo ulizima usiku ukawaka wenyewe. Wagonjwa watatu wa zamu ya usiku hawaonekani."

Hospitali ile ina seva moja tu, yaani kompyuta kuu inayotunza taarifa za wagonjwa. Inakaa kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara, na mapokezi, maabara, famasia na wodi zote zinaisoma hiyo hiyo. Ikizima mchana, watu wanarudi kwenye majalada ya karatasi, foleni inatoka nje hadi kwenye mwembe, na mama mwenye mtoto wa homa anasubiri jibu la malaria ambalo liko tayari ila limekwama ndani ya kompyuta. Ikizima usiku, muuguzi aliyekuwa katikati ya kujaza fomu anapoteza alichoandika. Wale wagonjwa watatu walipatikana baadaye kwa sababu sista wa zamu alikuwa amewaandika pia kwenye daftari lake. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Ndani ya wiki tatu seva ile ilizima mara tano. Nimeona niandike jinsi nilivyohangaika nayo, kwa ajili ya fundi mwenzangu aliyeko peke yake kwenye mji mdogo, asiye na stoo ya vipuri wala mtu wa kumuuliza. Kosa langu kubwa lilikuwa kuziona dalili mbili nikadhani ni ugonjwa mmoja.

Mashine yenyewe ni ya mnara: prosesa moja ya Intel Xeon E3, ramu (kumbukumbu ya muda) nne za GB 16 kila moja zenye ECC, ulinzi nitakaoueleza mbele, diski mbili za TB 2 kwa RAID 1, yaani zote mbili zinaandika data ile ile, na pawasaplai moja, kile kifaa cha ndani kinachoigawia mashine umeme. Inatumia Linux. Chini ya meza kuna UPS, kifaa chenye betri cha kubeba mzigo umeme ukikatika, ya VA 1500, inayolisha seva pamoja na swichi ya mtandao.

Kabla sijashika bisibisi huwa nachukua nakala ya data, hata kama kuna nakala ya jana. Mashine inayozimazima inaweza kugoma kuwaka kabisa mara utakapoifungua, na hapo huna cha kumwambia daktari mfawidhi. Nakala ikakamilika, nikaijaribu kwenye laptopu yangu kuona kama inafunguka. Ikafunguka.

Diski nilizimaliza haraka. Kwenye smartctl, programu inayosoma afya ya diski, mimi hutazama mistari mitatu kwanza: namba 5, sekta zilizokwisha hamishwa, namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, na namba 199, makosa yaliyotokea njiani kati ya diski na mazabodi (bodi kuu). Namba 197 ikianza kupanda, diski hiyo naiaga. Namba 199 ikipanda peke yake na zile mbili ziko sifuri, diski haina hatia, tazama kebo. Kuna mteja mmoja wa Masasi alikuwa ameshanunua diski mpya; nilibadilisha kebo ya elfu tatu, na diski ile ya zamani inafanya kazi mpaka leo. Kumbuka tu kwamba hesabu ya 199 hairudi nyuma hata ukishatengeneza, kwa hiyo andika ilipofikia leo, uangalie kama kesho imeongezeka. Hapa hospitalini zote tatu zilikuwa sifuri kwenye diski zote mbili.

Nikahamia kwenye logi ya vifaa, yaani orodha ya matukio ambayo mashine hujiandikia yenyewe, ile inayosomwa kwa amri ya ipmitool sel elist. Na hapo ndipo nilipopotea njia, maana nilikuta kitu kilichofanana sana na jibu. Mistari zaidi ya 200 ya kosa la kumbukumbu lililorekebishwa, mingi ikitaja tundu la ramu B1.

Kwa asiyeijua ECC: ramu ya kawaida husafirisha bitsi 64, yaani sifuri na moja 64, kwa mkupuo. Ya ECC husafirisha 72, na zile 8 za ziada ni za ulinzi. Bitsi moja ikigeuka njiani, saketi inaigundua na kuirudisha ilivyokuwa, kazi inaendelea, mstari unaandikwa kwenye logi. Zikigeuka mbili pamoja, inagundua lakini haiwezi kurekebisha, na hapo mashine kwa kawaida husimama makusudi kuliko kuendelea na data iliyoharibika. Naipenda tabia hiyo kuliko kitu kingine chochote ndani ya seva. Kwenye namba za kompyuta, 5 huandikwa 101 na 7 huandikwa 111. Tofauti yao ni bitsi moja. Dozi ya miligramu 5 ikisomeka 7 wodini, hakuna atakayejua kuwa kompyuta ndiyo iliyodanganya.

Basi nikajijengea hadithi kamili: ramu ya B1 inaumwa, kwa kawaida inakosea bitsi moja, usiku mwingine inakosea mbili, seva inaanguka. Hadithi ilikaa vizuri. Tena nilikuwa nimesoma utafiti uliochapishwa 2009 juu ya seva za Google, kwamba zaidi ya asilimia 8 ya ramu zilizofuatiliwa zilipata kosa ndani ya mwaka, na kwamba makosa mengi yalielekea kutokana na vifaa vyenyewe kuharibika kuliko mionzi inayopita angani. Nikasema ndiyo hii.

Niliichomoa ramu, nikasafisha meno yake kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Huku pwani upepo una chumvi, kwa hiyo jambo la kwanza ninalolishuku kwenye sehemu zinazogusana ni kutu nyembamba isiyoonekana kwa macho. (Wapo mafundi wanaosugua meno ya ramu kwa ufutio wa shule. Mimi sifanyi. Ile dhahabu ni tandabui tu, na ukishaimaliza umeikaribisha kutu yenyewe.) Nikairudisha, nikawasha memtest86+, programu ya kuijaribu ramu, usiku kucha. Mizunguko minne, hakuna kosa hata moja.

Jibu hilo lilinichanganya, na lisingepaswa. ECC hurekebisha kosa la bitsi moja kabla programu haijaiona data. Memtest ilisoma kilichokwisha sahihishwa, kwa hiyo ikaona kila kitu kiko sawa. Ukitaka kuhesabu makosa ya aina hii, mwulize anayeyarekebisha: Linux inaweka hesabu kwenye /sys/devices/system/edac/mc/mc0/ce_count, na BMC, kikompyuta kidogo cha uangalizi nitakachokieleza mbele, ina logi yake. Siku ile sikuliwaza hilo. Niliwaza kwamba ramu ni mbovu kidogo, inafaulu mtihani na kufeli kazini, nikaagiza nyingine Dar es Salaam. Ikaja na basi baada ya siku mbili, nikaifunga Jumamosi.

Usiku wa kuamkia Jumanne seva ikazima tena. Na logi ikaendelea kuimba B1, ilhali ndani ya B1 kulikuwa na ramu mpya kabisa.

Asubuhi ile nilikaa kwenye kile chumba kama saa nzima bila kugusa kitu. Dada wa mapokezi akaniletea maandazi. Nikaanza kuisoma logi upya tangu juu, safari hii nikitafuta kile ambacho kingekuwepo kama hadithi yangu ingekuwa ya kweli. Kama seva ilikuwa inaangushwa na makosa ya bitsi mbili, basi mahali fulani ungekuwepo mstari wa kosa lisilorekebishika. Mara tano imezima. Hapakuwa na hata mmoja.

Badala yake, penye kila kuzima, palikuwa na mistari miwili mitatu isiyo na tarehe. Mahali pa tarehe pameandikwa Pre-Init. Nilikuwa nimeiruka kila mara kwa kudhani ni takataka.

Ndani ya seva nyingi kuna kikompyuta kingine kidogo kinachoitwa BMC, kimekaa kwenye mazabodi hiyo hiyo lakini kina maisha yake. Kinakula umeme mdogo unaotolewa na pawasaplai muda wote, hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya uko kwenye soketi. Linux ikifa, BMC iko macho. Ramu ikioza, prosesa ikiungua, iko macho na inaandika. Na Pre-Init ni alama ambayo ipmitool huweka pale tukio lilipoandikwa wakati BMC yenyewe ndiyo kwanza inaamka na haijapata saa. Yaani kila seva ilipozima, BMC nayo ilikuwa imezima. Ramu haina uwezo wa kufanya hivyo. Kinachoweza kuziua zote mbili kwa pigo moja kiko kwenye njia ya umeme: pawasaplai, waya, soketi, UPS.

Nikaingia kwenye swichi ya mtandao kuangalia imewaka kwa muda gani. Saa 5 na dakika 12. Seva: saa 5 na dakika 10. Swichi na seva haviunganishwi na kitu chochote cha umeme isipokuwa ile UPS chini ya meza. Kwa hiyo pawasaplai nayo nikaiondoa kwenye orodha, na kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwezi nikaona mwanga.

Ila UPS ilikuwa inaonyesha betri asilimia 100, na taa ya kijani. Na hakuna aliyesema umeme ulikatika usiku. Sista wa zamu alisema taa za wodini hazikuzimika.

Nilirudi jioni, nikamkuta mzee mlinzi anaandaa kiti chake getini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na giza?"

Nikamwuliza kuna kitu gani kikubwa huwashwa pale hospitalini saa sita usiku. Logi ya Linux ilisema kila mara mashine imekufa kati ya 00:01 na 00:04, na mimi tangu siku ya kwanza nilikuwa nauliza watu habari za saa sita usiku. Nilikuwa nimewauliza wa maabara, wa jenereta, na wauguzi wawili.

Mzee akatafakari. "Saa sita? Saa sita hapa hata paka wamelala. Labda useme saa tisa. Saa tisa ndiyo pampu inaamka."

Nikabaki namwangalia. Aliyeisimika seva ile aliiacha na saa za UTC, saa za kimataifa, na mimi sikuwahi kuibadilisha. Sisi tuko saa tatu mbele. Ile 00:03 ya kwenye logi ni 03:00 na dakika zake kwetu, saa tisa usiku kwa lugha ya mzee. Wiki mbili na zaidi nilikuwa nauliza habari za saa ambayo haikuwa na habari.

Nikamwomba anionyeshe pampu. Ni ya kisima, mota ya fezi tatu, na ina taima. Mtu wa maji alinieleza kesho yake kwamba waliipanga saa tisa usiku kwa sababu mchana umeme unakuwa dhaifu na mota ya kwanza iliungua. Juu ya tangi kuna boya: tangi likiwa limejaa, taima inafika saa tisa na pampu haiwaki. Inawaka pale tu maji yanapokuwa yamepungua sana. Na maji hupungua sana siku za dobi, Jumatatu na Alhamisi, wanapofua mashuka ya wodi zote. Nikafungua daftari langu. Mara zote tano seva ilikuwa imezima usiku wa kuamkia Jumanne au kuamkia Ijumaa.

Mota kama ile ikiwashwa moja kwa moja kwenye laini huvuta, kwa muda mfupi wa kuanza kuzunguka, umeme wa mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Nyaya ni zile zile, kwa hiyo volti ya jengo zima inaanguka kwa kitambo. Taa za wodini zinafifia na kurudi kabla sista hajainua kichwa.

Alhamisi ile nililala hospitalini, yaani nilikesha. Nilichomeka mita kwenye soketi inayolisha UPS, nikaiweka ishike kiwango cha chini kabisa itakachokiona. Saa tisa na dakika mbili nikasikia mngurumo wa mbali wa pampu, UPS ikatoa mlio wake wa kuhamia kwenye betri, na palepale kila kitu kikazima. Feni za seva zikashuka sauti polepole hadi kimya. Nimefanya kazi hii miaka 14 na bado kimya kile kinanishtua. Baada ya sekunde chache UPS ikawaka yenyewe, maana umeme wa ukutani ulikuwa umesharudi mzima, na seva ikaanza kuamka kwa kuwa BIOS, programu inayoiamsha mashine, imeagizwa iiwashe umeme ukirudi. Mita ilikuwa imeshika volti 168. Sekunde chache kabla zilikuwa 226.

UPS za aina hii humpitishia mteja umeme wa ukutani, zikiupandisha kidogo ukishuka kidogo. Ukishuka mno, zinauacha na kuhamia kwenye betri. Kwa hiyo kila pampu ilipoamka, UPS ilifanya wajibu wake sawasawa, ikageukia betri, na betri haikuwa na kitu.

Asubuhi niliifungua. Betri mbili za volti 12, Ah 9, zimefungwa mfululizo. Moja ilikuwa imevimba kiasi kwamba niliitoa kwa kuitikisa kama jino bovu. Nikazipima bila mzigo: volti 13.1 na 13.0, yaani kwa mita tu ungeapa ni nzima, na skrini ya UPS ilikuwa inaamini namba kama hizo. Nikachukua balbu ya taa ya gari ya wati 55, inayovuta kama ampea nne na nusu, nikaiunganisha. Ya kwanza ilishuka hadi 11 na kuendelea kushuka. Ile iliyovimba ilishuka hadi 7 kabla sijahesabu kumi. Betri nzima ya ukubwa huo ingeiwasha balbu ile kwa zaidi ya saa nzima.

Betri hizi za risasi hutarajiwa kudumu miaka mitatu hadi mitano penye ubaridi wa nyuzi 25 hivi. Kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri unakatwa takriban nusu. Chumba kile usiku kiyoyozi huzimwa, na kipimajoto changu kilisoma 32. Pampu ilikuwepo miaka yote, na volti ilikuwa inaanguka miaka yote. Kilichobadilika ni kwamba betri zilikuwa zinakufa polepole huku taa ya kijani ikiwaka.

Nilifunga betri mpya, nikaandika tarehe juu yake kwa maka peni, kisha nikachomoa UPS ukutani seva ikiwa kazini, baada ya kuwaomba watu wa mapokezi wahifadhi kazi zao. Ilibeba dakika 14. Sasa nafanya hivyo kila mwezi. Asilimia inayoonyeshwa kwenye skrini siiamini tena mpaka niione imebeba mzigo.

Wengi wangeishia hapo, maana seva haizimi tena. Lakini B1 bado ilikuwa inaandika mistari sita hadi kumi kwa siku, na sikuweza kulala na namba ile ya 5 inayogeuka 7.

Safari hii nilienda kwenye mstari wa kwanza kabisa wa kosa la kumbukumbu badala ya wa mwisho. Tarehe 22 Januari. Nikahesabu pia matundu yote yaliyotajwa, sikuishia kwenye lile lenye wingi. B1 ilikuwa na mingi, lakini B2 ilikuwa na mistari 17 niliyokuwa nimeipita kwa macho. A1 na A2, hakuna hata mmoja.

Hii inasema mengi. Nilikuwa nimeweka ramu mpya B1 na kosa likabaki, kwa hiyo kosa halimfuati mtu anayehama, linakaa na nyumba. Na nyumba yenyewe si tundu moja, ni upande mzima. Kwenye prosesa hizi ramu zinasomwa kwa njia mbili, A na B, na B1 na B2 zinashirikiana waya zile zile za data hadi ndani ya prosesa, kwa sababu kidhibiti cha ramu kiko ndani ya prosesa, hakiko kwenye mazabodi kama ilivyokuwa zamani. Waya mmoja wa njia B ukishika vibaya, matundu yote mawili yanalalamika. Na mahali ambapo waya hizo zinaweza kushika vibaya ni pale prosesa inapolalia soketi yake, kwenye pini 1,151.

Ndipo nilipofungua daftari langu la kazi, ukurasa wa Januari. Tarehe 20: "Feni zinapiga kelele, prosesa nyuzi 84. Nimebadilisha pesti ya hitisinki. Foleni kubwa, nimeharakisha." Hitisinki ni chuma cha kuipoza prosesa, na pesti hupakwa katikati yao ipitishe joto. Siku mbili kabla ya mstari wa kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkono ulioweka pesti ile ulikuwa wangu.

Jumapili, wagonjwa wakiwa wachache, nilizima mashine, nikachomoa waya, nikagusa kasha la chuma kuondoa umeme tuli mwilini, nikafungua hitisinki. Pesti ilikuwa nyingi kupita kiasi, imefurika kandokando. Nakumbuka siku ile nilimtoa prosesa kwenye soketi ili nimfute vizuri, na bila shaka nilimshika kwa kidole chenye pesti. Chini yake, kwenye ukingo mmoja, palikuwa na alama ya kijivu iliyofunika vidoa kadhaa vya dhahabu vinavyogusana na pini. Nikamulika soketi kwa tochi ya simu kutoka ubavuni. Pini nzima humeta kwa safu, kama mvua inavyoonekana kwenye mwanga wa gari. Kwenye kona ile safu tatu zilikuwa hazimeti.

Pesti ya aina niliyotumia haipitishi umeme, kwa hiyo haikuunguza kitu. Ilichofanya ni kukaa katikati ya pini na kidoa chake kama mchanga kwenye mlango, umeme unapita ila kwa shida, na mara mojamoja bitsi inafika si yenyewe.

Prosesa nilimfuta kwa spiriti ya asilimia 99 na pamba ngumu. Soketi ni kazi nyingine, maana pini moja ikipinda umepoteza mazabodi. Nilidondosha spiriti tone kwa tone, nikapitisha brashi laini ya kuchorea kufuata upande pini zinakolala, bila kukandamiza, nikaacha ikauke, nikarudia mara nne. Ilinichukua karibu saa mbili na mgongo uliniuma. Pesti mpya niliweka kiasi cha punje moja ya choroko katikati, hitisinki nikaishusha wima, skrubu nikazikaza kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, ili prosesa asiinamie upande mmoja.

Ile ce_count ilianza na sifuri, kama inavyoanza kila mashine ikiwashwa. Jioni ilikuwa sifuri. Kesho yake sifuri. Baada ya siku kumi nikaacha kupiga simu kuuliza. Ramu niliyoitoa B1 haikuwa na ubaya wowote. Nimeiweka kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na lebo, ndani ya kabati la famasia.

Saa ya seva nimeiweka ya Afrika Mashariki. Uongozi nimeuomba pawasaplai ya pili na kifaa cha kuwasha mota taratibu. Wamesema wataviweka kwenye bajeti ya Julai. Na kwenye mlango wa chumba cha seva nimening'iniza daftari la mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi, yeyote akiona jambo aandike siku na saa, kwa saa zetu. Wiki iliyopita nilipoenda kupima betri nilikuta ukurasa wa kwanza umeshaandikwa, kwa mwandiko wa sista wa usiku: "Ijumaa, saa tisa na dakika mbili. Taa zimefifia. Kompyuta haijazima. Nimemaliza fomu."